Buli la Yixing na Heshima ya Chombo

Kila chombo kilichofanywa kwa mkono wa mtu kina heshima mbili. Heshima ya kwanza ni kutumika. Heshima ya pili ni kutunzwa. Jembe hulima mchana, na jioni hufutwa udongo likawekwa mahali pakavu. Heshima hizi mbili zikienda pamoja hapana swali. Swali huzuka zinapogombana: chombo kinapokuwa kizuri au ghali hata mwenyewe akaogopa kukigusa, au kinapotumiwa kwa ukali hata kikaharibika kabla ya siku zake. Je, mtu aliyejaliwa kupata kitu kizuri chenye kuvunjika upesi, akitumie kila siku ama akiweke? Swali hili laonekana dogo. Walakini jinsi mtu anavyolijibu juu ya chombo, aghalabu ndivyo anavyolijibu juu ya elimu yake, mali yake, na hata umri wake.

Ni vyombo vichache duniani viulizavyo swali hili kwa uwazi kama buli dogo la udongo litokalo Yixing, katika jimbo la Jiangsu, magharibi ya ziwa Taihu, katika nchi ya China. Buli hili ni la udongo mtupu, halikupakwa rangi ya kung'aa kama kioo, na mara nyingi huenea katika kiganja cha mtu mzima. Bei yake yaweza kuwa ndogo kama ya chakula cha siku moja, na yaweza kuwa kubwa kupita nyumba. Lafanya kazi moja tu, nayo ni kupika chai. Lakini hakuna kazi iliyo ndogo kwa chombo kilichokusudiwa kuifanya kwa ukamilifu.

Asili ya buli hili yafungamana na asili ya desturi ya kunywa chai. Zamani Wachina walishindilia chai ikawa kama mikate, wakaisaga, wakaikoroga katika bakuli. Mwaka 1391 mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming alikomesha desturi ya kuletewa chai ya mikate kuwa ushuru wa ikulu, akaamuru iletwe chai ya majani matupu. Chai ya majani hairoweki vema katika bakuli lililo wazi. Yataka chombo chenye tumbo, kifuniko na mdomo. Kwa hivyo chombo kilizaliwa na haja, wala hakikuzaliwa na anasa. Husimuliwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 16 mtumishi mmjoja jina lake Gong Chun, aliyefuatana na bwana wake katika hekalu la Jinsha karibu na Yixing, alijifunza ufinyanzi kwa mtawa wa hapo, akafanya mabuli yaliyompa jina kubwa kuliko la bwana wake. Baada yake alitokea Shi Dabin, fundi aliyesifiwa kupita wengi. Shi Dabin alianza kwa kufanya mabuli makubwa. Lakini alipokutana na wanachuoni waliojua chai na kusikia hoja zao, alianza kufanya madogo, kwa sababu harufu ya chai hupotea katika tumbo pana. Fundi mkubwa huyu hakuona haya kufunzwa kazi yake na midomo ya wanywaji.

Udongo wa Yixing huitwa zisha, maana yake mchanga wa zambarau, ijapokuwa si wote wenye rangi hiyo. Uko wa hudhurungi iliyoingia zambarau, uko mwekundu, na uko wa manjano hafifu. Hutoka mlimani ukiwa mgumu kama jiwe. Huachwa juani na mvuani mpaka uvunjike, ukasagwa, ukachungwa, ukakandwa na maji, kisha ukalazwa muda mrefu. Fundi afuataye desturi kamili hatumii gurudumu. Huuponda udongo kwa nyundo ya mti mpaka uwe bamba, akakata ukanda, akauzungusha kuwa duara, akaupiga taratibu kwa kibao huku akiugeuza, mpaka tumbo la buli likatokea mbele yake. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kazi hii ni tafsiri ya methali hiyo: ukikauka kabla ya wakati hupasuka, na ukiwa maji mno hulala. Baadaye buli huingia jokoni, katika moto wa kadiri ya digrii 1,100 hadi 1,200 za sentigredi. Litokapo huwa gumu, lakini lina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa jicho. Katika vinyweleo hivyo mna siri ya sifa yake na asili ya swali lake, maana chombo kisichopakwa kitu juu hupokea kila kilichomo ndani yake, chema na kibaya.

Basi mtu achague vipi buli la kutumia kila siku? Jibu la haraka ni kuuliza jina la fundi. Jibu la busara ni kutia maji. Buli jema hujulikana kwa kazi yake kabla ya kujulikana kwa muhuri wake. Mdomo wake humimina mkondo mmoja mnyofu, na ukikatizwa haurudishi tone likateremka kifuani mwa buli. Kifuniko hukaa mahali pake bila kutikisika. Na tundu la pumzi lililo juu yake likizibwa kwa kidole, maji hukoma kutoka, dalili ya kuwa kifuniko na kinywa vimepatana. Mkono wake hushikika pasipo kuunguza vidole, na buli likiwa limejaa halimvuti mshikaji upande mmoja. Likitazamwa kwa juu, mdomo, kitovu cha kifuniko na mkono hukaa katika mstari mmoja. Ndani yake, mahali tumbo linapokutana na mdomo, matundu ya kuchujia hayazibwi na jani la kwanza. Kwa mtu mmoja au wawili, buli la kadiri ya mililita 100 hadi 200 latosha. Aliye na jamaa kubwa achukue kubwa, wala asione haya, kwa kuwa chombo hupimwa kwa watu watakaonyweshwa.

Baada ya hayo huja chai yenyewe. Wajuzi wengi hupendelea buli la udongo mwekundu, jembamba, kwa chai iliyochachuka nusu, iitwayo oolong, kwa sababu hulinda harufu; na buli nene la udongo wa zambarau kwa chai ya Pu'er, ambayo hutaka joto lidumu. Chai changa ya kijani huumizwa na joto la kukaa, hata wengi huipika katika kaure. Katika Chaozhou, kusini ya China, ambako upikaji wa chai kwa buli dogo umekuwa mwenendo wa nyumba na maduka, wengi hutumia mabuli mekundu ya udongo wa kwao wenyewe, wakanywa kwa vikombe vidogo visivyozidi funda mbili tatu. Hawa ni ushahidi kwamba ubora wa chai haukufungiwa katika mji mmoja. Kadhalika, yako mabuli yaliyofanywa kwa kalibu au kwa gurudumu ambayo hupika chai njema. Asiyeweza kununua kazi ya mkono mtupu hakunyimwa chai. Amenyimwa fahari tu, na fahari si kinywaji.

Hapa ndipo penye mtihani wa kwanza wa maadili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini sokoni kibaya hujifunza upesi kuvaa nguo za kizuri. Gu Jingzhou, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufa mwaka 1996, alikuwa fundi mkubwa kabisa wa Yixing katika karne yake. Katika miaka ya 1930, akiwa kijana, aliajiriwa Shanghai na mfanya biashara wa vitu vya kale, kazi yake ikiwa kuiga mabuli ya mafundi waliokufa zamani. Baadaye jina lake mwenyewe likapata thamani, na wengine wakaligonga chini ya mabuli asiyoyafanya. Mabuli yale ya ujana wake yalikuwa na kasoro gani? Mikono ileile iliyosifiwa baadaye ndiyo iliyoyafanya, na bila shaka yalimimina vema. Katika kisa hiki udongo haukusema uongo. Muhuri ndio uliosema uongo. Aliyenunua buli apate kupikia chai alipata alichokitaka. Aliyenunua jina alitoka mikono mitupu, ingawa alichukua buli zuri kwapani.

Iko hila nyingine iliyo mbaya zaidi. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China ilitangaza habari za wafinyanzi waliochanganya udongo wa kawaida na dawa za rangi za viwandani, wakauuza kwa jina la udongo adimu. Huu ni uongo ulioingia katika mwili wa chombo, na mnywaji huhatarisha afya yake kwa ajili ya rangi. Hapana shaka mwuzaji ana dhambi yake. Lakini mnunuzi naye hana budi kujiuliza: ni nani aliyemfundisha mwuzaji kuwa rangi isiyo ya kawaida hulipa kuliko mdomo umiminao vizuri? Tamaa ya adimu ndiyo shamba ambamo udanganyifu hupandwa. Mtu anunuaye kwa jicho lake, kwa mkono wake, na kwa maji, hudanganywa mara moja moja. Anunuaye kwa masikio hudanganywa kila siku.

Dhuluma nyingine ya majina haina mdanganyifu. Chen Hongshou, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mansheng, aliyeishi tangu 1768 mpaka 1822, alikuwa mwanachuoni na hakimu wa wilaya ya Liyang, jirani na Yixing. Alibuni sura za mabuli na kutia maandishi, na mfinyanzi Yang Pengnian akayafanya. Mabuli yale leo huitwa ya Mansheng. Muhuri wa mwanachuoni hukaa katika kitako, palipo pana. Muhuri wa mfinyanzi hukaa chini ya mkono wa buli, palipo finyu. Mfinyanzi hulia gae, yasema methali, na hapa aliambulia nafasi ya ukucha. Hata hivyo kila atumiaye buli hilo hulishika kwa mkono huo, na kidole chake hupita juu ya jina la mfinyanzi kila amiminapo. Matumizi yana uadilifu wake, nao humfikia yule ambaye sifa ilimsahau.

Buli likiisha chaguliwa, huja utunzaji, ambao ni mwepisi kuueleza na mgumu kuudumisha. Buli jipya huoshwa kwa maji ya moto mpaka vumbi la joko litoke. Sabuni haitumiwi, kwa kuwa vinyweleo hunywa harufu yake na kuirudisha katika chai. Kabla ya kutia majani, buli hupashwa moto kwa maji, lisishtuke na kupasuka, na chai isipoe mapema. Maji ya kwanza ya kuosha majani humwagwa. Yafuatayo hayaachwi ndani kwa muda mrefu, hukaa kitambo kidogo, yakamiminwa yote mpaka tone la mwisho. Chai ikiisha, majani hutolewa siku ileile. Buli husuuzwa kwa maji ya moto, hufutwa kwa kitambaa safi, likaachwa wazi, kifuniko kando, mpaka likauke ndani na nje. Likifunikwa lingali na umaji huota ukungu. Mara nyingi buli huharibiwa na uvivu wa saa moja ya usiku kuliko na ajali ya mwaka mzima.

Desturi husema kwamba buli moja litumikie aina moja ya chai. Sababu yake ni ya haki: chombo kipokeacho harufu hakiwezi kuwa mwaminifu kwa mbili zinazogombana. Lakini kanuni hii isigeuzwe kuwa mnyororo. Mtu mwenye buli moja na chai mbili zilizo karibu kwa tabia, akilisafisha vema, hakutenda kosa. Kanuni ya chombo iliwekwa ili chai iwe njema. Chai haikuwekwa ili kanuni itukuzwe.

Wachina wana neno zuri kwa kazi hii ya kila siku. Huiita kulea buli. Kwa kulewa hivyo buli hubadilika. Baada ya miezi na miaka, uso wake uliokuwa mkavu huanza kutoa nuru tulivu, isiyo kali, kama iliyo ndani ya udongo wenyewe. Nuru hiyo haiuzwi dukani. Huletwa na chai, maji, kitambaa na siku. Kwa kuwa nuru hiyo husifiwa, watu wasio na subira hutafuta njia fupi: hupaka mafuta, au huacha utando wa chai uliogande juu ya buli, wakauita uzee. Zhou Gaoqi, aliyeandika kitabu kidogo cha kusimulia habari za mabuli ya Yixing karibu na mwisho wa utawala wa Ming, ambao ulianguka mwaka 1644, aliwadhihaki watu hao. Aliwaona walivyoficha uchafu kama johari, wakaogopa kuufuta. Naye akatenga nuru ya kweli, itokanayo na kuoshwa na kufutwa kila siku, na mng'aro wa mafuta, ambao aliuhesabu kuwa sura ya chini kabisa.

Maneno hayo yanapita buli. Kuna wema uliokaa juu ya mtu kama mafuta, na wema uliopenya kwa mazoea. Wa kwanza hung'aa sana mbele ya wageni, na kitambaa kimoja huuondoa. Wa pili hauonekani upesi, na mwenyewe huenda asijue kuwa anao. Ulikuja kidogo kidogo, katika asubuhi nyingi ambazo hapakuwa na shahidi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hiki kina sharti moja, kwamba kila siku kilichobaki cha jana kisafishwe. Asiyeosha buli lake hupata utando, na asiyechunguza mwenendo wake hupata mazoea tu. Vyote viwili hufanana na uzee kwa mbali. Kwa karibu, kimoja hunuka.

Hata hapa hoja ya upande wa pili haijajibiwa, nayo ni nzito. Buli hutumika leo, na kesho huteleza mkononi likavunjika. Mwaka 2010 buli alilolifanya Gu Jingzhou mwaka 1948 liliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuan milioni 12. Ni nani athubutuye kulitia maji ya moto? Fundi amekufa, na tangu mwanzoni mwa karne ya 21 machimbo mashuhuri ya mlima Huanglongshan yalifungwa. Kulivunja kungekuwa kuwanyang'anya watu ambao bado hawajazaliwa. Wala wazo la kukitukuza chombo kwa kukiondoa katika kazi si la matajiri wa mnadani peke yao. Waswahili walilijua zamani. Katika makaburi ya minara ya Kunduchi na Mambrui mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika ukuta, na katika nyumba za mawe za Lamu vyombo vya kaure vilipangwa katika zidaka. Mabakuli yale yalikuwa ya kaure, si ya udongo wa Yixing, lakini yalitoka nchi hiyohiyo, na yalifanywa kwa ajili ya chakula. Nani atasema kuwa yalivunjiwa heshima yalipowekwa juu ya kaburi la mtu mwema?

Jibu ni kwamba bakuli la kaburini halikukoma kutumika. Lilipewa kazi nyingine. Lilikuwa ushahidi mbele ya kila mpita njia, likasema kwamba aliyelala hapo alipendwa, na kwamba pwani hii ilijuana na nchi za mbali. Kidaka nacho kilifungua uzuri kwa macho ya mgeni na mwenyeji. Hali kadhalika buli la Gu Jingzhou likiwekwa mahali ambapo mafundi na wanafunzi hulitazama, lafundisha. Chombo kilichotolewa katika kazi ya mkono na kupewa kazi ya macho bado ni mtumishi. Chombo kinachodhulumiwa ni kile kilichofungiwa sandukuni kingojee bei ipande, kisinyweshe mtu wala kisifundishe mtu. Hicho kimefanywa fedha, na fedha haihitaji mdomo umiminao vema wala kifuniko kilichopatana na kinywa. Juhudi yote ya fundi imelala gizani kama haikufanywa.

Kutokana na hayo yapatikana kanuni moja kwa mtu wa kawaida, ambaye hana buli la mnada wala kaburi la mnara. Anunue buli jema kadiri awezavyo, lakini asinunue lile ambalo kuvunjika kwake kutamfilisi. Buli la kila siku liwe la thamani ya kutosha kumfanya alishike kwa uangalifu, na lisiwe la thamani ya kumfanya aogope kulishika. Kuvunjika kwake kumtie huzuni, kusimtie umaskini. Katikati ya mipaka hiyo miwili ndipo heshima mbili za chombo zinapokutana: hutumika kwa sababu ni jema, na hutunzwa kwa sababu hutumika. Mtu akikaa nje ya mpaka mmoja huwa mharibifu. Akikaa nje ya mpaka wa pili huwa mlinzi wa mali ambayo yeye mwenyewe hakuionja.

Tena hofu ya kuvunjika ina kosa lake la hesabu. Huhesabu siku ambayo chombo kitavunjika, isihesabu siku ambazo kilinywesha. Buli lililotumika miaka 10 likavunjika limetoa maelfu ya vikombe, limewaketisha wageni, limeliwaza wagonjwa, limetuliza ugomvi. Lile lililowekwa miaka 10 likabaki zima limetoa nini? Uzima wake ni wa jiwe la mlimani kabla halijachimbwa. Laiti ulinzi ungekuwa ndio ukamilifu, udongo ungeachwa palepale Huanglongshan, na mfinyanzi angepumzika.

Binadamu naye alifinyangwa chombo chenye kuvunjika, na hakuna sanduku liwezalo kumzuia asivunjike. Nguvu asizozitumia hazimngoji. Elimu asiyoimimina hukauka ndani yake kama majani yaliyosahauliwa, na mwisho huota ukungu. Lililo katika hiari yake ni kuchagua kazi inayomfaa, kuifanya kwa uangalifu, kujisafisha kila jioni, na kuanza tena asubuhi. Nuru ikija, ije kwa njia hiyo. Na buli likivunjika siku moja mkononi mwa mtu aliyelilea hivyo, atakusanya vigae vyake kwa huzuni iliyo safi, kwa sababu havimdai kitu.